Mama Alipoyaficha Mafuriko

Mimi nimechoka na neno "ushahidi". Likitamkwa kwenye redio, nazima redio. Sikuwa hivyo zamani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kama walimu wengine, nikiwadai watoto ushahidi kila asubuhi: unasema ulikuwa mgonjwa, karatasi ya dispansari iko wapi? Tangu mvua ile ya Kasungami, mtoto akiniambia alikuwa mgonjwa namwambia pole, kaa chini, fungua daftari.

Kasungami ni kwa mama yangu. Ni pembeni ya mji, nyumba na mashamba ya mahindi vimechanganyikana, hujui kama uko kwa mkulima au kwa mfanyakazi. Baba alinunua kiwanja pale alipotoka kwenye kazi ya reli. Alijenga kwa matofali mabichi, aliyoyafyatua mwenyewe kwa udongo wa kichuguu, akaezeka mabati, halafu akapiga lipu ya saruji upande wa barabarani tu, maana saruji iliishia hapo. Alifia katika nyumba hiyo, chumba cha nyuma. Mama akabaki. Ndugu zangu wametawanyika, mmoja Kolwezi, wengine sijui hata niseme wapi, na mimi niliyeolewa Bel-Air, mtaa wa mji huu huu, ndiye niliyebaki karibu. Kwa hiyo kila kitu cha mama ni changu: dawa zake, makala yake ya kupikia, mashauri yake, na matusi pia.

Mvua ilinyesha tangu mchana. Mtaro wa barabarani ulikuwa umejaa takataka za watu wote, maji yakatafuta njia nyingine, na njia nyingine ilikuwa viwanja vya watu. Mama alikimbilia kwa jirani yake, mwanamke wa rika langu anayeuza samaki wakavu, ambaye kiwanja chake kimeinuka kidogo upande wa mbele. Walikaa juu ya meza na kusali rozari mpaka maji yalipochoka. Kesho yake nilipofika nilikuta upande wa barabarani umesimama na lipu yake, mlango umefungwa, dirisha liko sawa. Nikasema Mungu ni mkubwa. Kisha nikazunguka nyuma.

Mawee! Tofali bichi likinywa maji linarudi kuwa udongo, halivunjiki, linayeyuka. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala ndani ya mahindi. Ukuta kati ya chumba cha mama na salo, hapo wanapokaa wageni, ulikuwa umeshuka pia, ukabaki kimo cha magoti. Nusu ya mabati ilikuwa inaning'inia. Kona moja tu ya chumba ilikuwa bado na paa juu yake, na katika kona hiyo mama alikuwa ameshainua kitanda chake juu ya matofali na kuanza kutandika.

"Mama, unafanya nini?"

"Unaona. Natandika."

"Twende kwangu. Leo hii."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya padri. Wasiojua kwetu niwaeleze. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hawali sahani moja, hawagusani mikono, wakikutana barabarani mmoja anashuka pembeni. Mume wangu ni mtu mpole, fundi wa umeme, hajawahi kumwinulia mtu sauti, na kwa miaka yote ya ndoa yetu mama hakuwahi kulala Bel-Air hata siku nilipojifungua. Alikuja asubuhi, akarudi jioni. Sasa nilikuwa namwambia akaoge katika bafu moja na yule mwanamume.

"Miye nitalala mu nyumba ya mukwe?" akasema. "Nitatoka kujisaidia, na yeye anatoka kujisaidia, tunakutana pale mu uwanja? Mutoto yangu, uko na akili? Niache mu nyumba yangu. Hata kama iko kona, iko kona yangu."

Sikuweza kumwondoa. Nilichoweza ni kununua plastiki nyeusi na kuifunga mahali ukuta wa nyuma ulipokuwa, halafu nikarudi Bel-Air na kukaa nikisikiliza anga. Kila wingu lilikuwa linanitafuta mimi. Nilijua mvua nyingine kubwa ingeangusha kona ile, na ingeiangusha juu ya kitanda. Kusimamisha kuta mbili na kuezeka upya, kwa mshahara wa mwalimu unaokuja unapotaka na kazi za umeme za hapa na pale? Nilipiga hesabu kichwani, nikaacha kupiga.

Basi likaja tangazo. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, alipita akisema kwamba komisyo ya serikali itatoka mjini kuangalia nyumba, na ambaye nyumba yake imeanguka atapewa mabati, misumari na saruji. Nilishukuru kwa machozi, sisemi uongo. Nilimwambia mama: watakuja, waonyeshe. Nilidhani hilo ni neno la kueleweka.

Mtaa mzima ulikataa kufagia. Matope yakawa mali. Godoro lililooza halikutupwa, liliwekwa mbele kabisa ya mlango. Watu walikuwa wanapita juu ya vyungu vyao wenyewe vilivyovunjika ili visisogee. Mzee mmoja ambaye ukuta wake uliinama bila kuanguka, nilimkuta akiusaidia kwa nyundo, na aliponiona hakushtuka hata kidogo. "Ukuta ulikuwa unakawia, madamu," akaniambia.

Mama peke yake alifagia. Alifagia uwanja wake, akafagia na kipande cha barabara mbele yake, na huku ameshika fagio akawauliza majirani kama kwao hakuna tena wanawake. Jirani wa samaki alijaribu kumweleza kwamba komisyo inatafuta uchafu. Mama akamjibu kwamba yeye hajazaliwa katika uchafu, na kwamba mtu anamsaidia mtu mwenye heshima. "Nani anamupa kintu muntu muchafu? Banamupitia mbali."

Hayo nilisimuliwa baadaye, maana siku komisyo ilipofika nilikuwa darasani. Nilitoka shuleni nikapanda teksi moja kwa moja hadi Kasungami, nikamkuta mama uwanjani anaosha sahani. Alikuwa anaimba. Viti vya plastiki vya kwaya ya parokia vilikuwa vimepangwa kivulini vikingoja kurudishwa.

"Wamekuja?" nikauliza.

"Bamekuya! Bantu ya heshima sana. Balikula muzuri."

"Walikula nini?"

"Kuku."

Alikuwa na kuku mmoja tu aliyenusurika, alipanda juu ya mti wa avokado siku ile ya maji. Huyo ndiye aliyechinjwa. Kulikuwa na bukari, ndiyo ugali wetu, kuku, mboga ya lengalenga, na chupa za sukre baridi zilizonunuliwa kwa deni dukani. Niliingia ndani ya salo. Ee Yesu Maria. Sakafu ilikuwa imepigwa maji na kukauka ikang'aa. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa chake cheupe cha kudarizi, cha Krismasi. Na pale ukuta ulipoanguka, kutoka upande mmoja hadi mwingine, mama alikuwa ametundika vikwembe vyake. Vitenge vile vya wax, vile vizuri, alivyopewa kwenye harusi zetu na ambavyo hajawahi hata kushona, alivibana kwa sindano kimoja baada ya kingine kwenye kamba, vikashuka mpaka chini. Hungeona tofali. Hungeona kitanda. Ungesema hapa kuna sikukuu.

Niliinua pindo la kikwembe kimoja, nikakiona kitanda kwenye kona yake, nikaliachia.

"Mama. Waliangalia nyuma?"

"Nyuma wapi?"

"Chumbani! Waliingia chumbani?"

"Banaume ya bantu baingie mu chumba yangu kufanya nini? Baliuliza, asema mama, ndani iko namna gani? Nikabaambia ndani iko muzuri, bakae, bukari inapoa."

Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, jirani wa samaki akatokea mlangoni na kurudi alikotoka. Mama alisimama tu akipangusa mikono kwenye kikwembe chake cha kiunoni, na nilipomaliza akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mgeni humwonyeshi uchi wako. Mgeni unampa kiti, unampa maji ya kunawa, unampa chakula, na yeye mwenyewe akiwa mtu ataona kwamba unateseka. Hahitaji kuambiwa. Hivyo ndivyo walivyoishi yeye na baba kwenye kambi ya reli, na hakuna aliyekosa msaada.

Kwenye kambi ya reli labda ilikuwa kweli.

Walipotangaza nyumba zitakazosaidiwa, ya mama haikuwemo. Ya mzee wa nyundo ilikuwemo. Nilienda biro, ofisini kwao, kulalamika. Kwenda biro ni kazi yenyewe, tena haina mshahara. Unaomba ruhusa shuleni, unakaa kwenye benchi, unaambiwa anayeshughulikia ametoka, unarudi, unaambiwa amerudi lakini anakula. Niliambiwa nilete picha za nyumba kabla ya mafuriko. Nani anapiga picha ukuta wake? Nilipekua albamu yote ya nyumbani nikapata picha ya kipaimara cha dada yangu, nyuma yake kuna tofali mbili. Niliipeleka. Waliitazama kwa makini sana wakanirudishia. Niliambiwa nilete barua ya shefu wa kartie, nikaileta, ikaonekana haina muhuri, nikarudi Kasungami kutafuta muhuri, na muhuri ulikuwa umekwenda Likasi na mwenye muhuri. Nilikuwa nafundisha watoto kujumlisha huku kichwani najumlisha teksi.

Mwishowe nilimpata mtu mwenyewe wa komisyo. Bwana mnene, sauti ya upole, amevaa sweta siku ya jua. Nilipomtajia mtaa na nyumba, uso wake uliwaka kwa furaha.

"Ah! Ile mama ya kuku! Mama muzuri sana. Anaendelea namna gani?"

"Analala nje," nikasema. "Anaendelea kulala nje."

Alidhani natania. Nikamweleza vikwembe. Nikamweleza chumba, plastiki, kitanda juu ya matofali. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta, na naamini kabisa kwamba aliona haya. Alisema siku ile walipotoka pale waliambiana, wazazi kama hawa wamebaki wachache. Na kwenye karatasi waliandika nyumba inakalika. Wangeandika nini? Walikuwa wamekaa.

Sikumchukia. Ningependa kuwa na mtu wa kumchukia katika habari hii, ingekuwa nyepesi kuibeba.

"Tutarudia, madamu," akasema. "Lakini mara hii tunapaswa kuona chumba. Na foto. Bakubwa banataka foto ya mwenye nyumba mule ndani, pale fasi imeanguka. Bila ile foto, hata miye nikisema, haiko kitu."

Sasa kazi ikawa kumwambia mama. Nilijaribu Jumapili baada ya misa, akaniambia nisimharibie komunyo. Nilijaribu siku nyingine kwa upole, nikamletea na samaki, akala samaki na kukataa neno. Alisema chumba kile baba alikufia mule, na hata mapadri waliokuja kumpaka mafuta waliingia wameinamisha vichwa. Leo waingie watu na mashine ya kupiga foto? Waangalie kitanda chake, ndoo yake ya usiku, nguo zake za ndani zinazoanikwa mule kwa sababu nje zinaibwa? Na foto ile itakwenda wapi? Itakaa kwenye meza ya nani?

"Mama, watu wote wamepigwa hizo picha. Jirani amepigwa."

"Jirani ni jirani."

Nilimlilia. Nilimwambia kwamba silali, kwamba mvua ikinyesha natembea ndani ya nyumba mpaka mume wangu anauliza kama nina malaria. Nilimwambia kama anataka kufa chini ya matofali afe, lakini aniandikie kabisa kwamba si mimi niliyemwua. Hapo alicheka kidogo. "Weye kwa kusema, Mungu alikupatia," akasema. Nikajua kwamba hajakubali, ila amenihurumia.

Kilichomshinda ni mvua yenyewe. Ilikuja mchana mmoja, si kubwa, lakini ya upepo. Plastiki ikapasuka, maji yakaingia kitandani, na kona ile ikatoa udongo, tofali moja likaanguka pale kichwa chake kinapolala. Alikuwa jikoni, kibanda cha nje, anakoroga bukari. Alinipigia simu yeye mwenyewe, na mama hapigi simu, anasubiri apigiwe.

"Bon," akasema. "Baye, bale bantu ya foto."

Walikuja bwana wa sweta na kijana wa foto, pamoja na shefu wa kartie aliyekuja kwa sababu ya kuku wa mara ya kwanza, sina shaka. Safari hii nilikuwepo. Nilikuwa nimemwambia mama asifagie, asitandike, asiondoe kitu, na alikuwa ametii. Hiyo peke yake ilinitisha. Uwanja ulikuwa na majani na mavi ya mbuzi wa watu. Hakuna viti. Hata hivyo alikuwa ameoga, amevaa kikwembe safi na kilemba chake cha kanisani, naye akawangoja mlangoni akiwa amesimama.

"Karibuni," akawaambia. "Fasi ya kukaa haiko."

Aliwatangulia ndani ya salo. Vikwembe vilikuwa bado vimetundikwa pale, tangu siku ile hakuwahi kuviondoa, alisema vinamfanya asione. Nilisogea ili nivitoe. Akanishika mkono, akaniweka pembeni. Alianza kuvishusha mwenyewe. Anatoa sindano, anaiweka mdomoni, anashusha kikwembe, anakikunja mara mbili, anakilaza juu ya meza, anasawazisha kona kwa kiganja, kisha anakwenda kwenye kingine. Hakuharakisha hata kidogo. Bwana wa sweta alitazama viatu vyake. Kikwembe cha mwisho kilipotoka, chumba kikatuangalia sote.

Godoro lilikuwa limelowa na kunuka. Ndoo ilikuwa pale pale ilipo kila siku, na kamba yenye nguo zake ilikuwa pale, sidiria yake ya kijivu iliyoshonwa kwa uzi mweupe. Niliona kijana wa foto akiipiga. Alikuwa anafanya kazi yake.

"Hapa ndipo nalalaka," mama akasema, kwa sauti ile ile ya kukaribisha. "Hapa maji inaingilia. Hapa ile tofali ilianguka. Ile ndoo ni yangu. Mume yangu alikufa hapa."

"Pole, mama," bwana akasema. "Pole sana."

Wakamwomba akae kitandani. Alikaa. Kijana akainua mashine, na mama akatabasamu, kama kila mtu aliyelelewa vizuri anavyotabasamu akipigwa foto. Kijana akamwambia asicheke. Akaacha kucheka. Kijana akatazama, akasita, akamnong'oneza bwana, na bwana akakohoa na kunigeukia mimi badala ya kumwambia yeye.

"Ni kile kilemba, madamu. Kinang'aa kidogo. Itaonekana kama vile mama iko na furaha."

Nilitaka kumwambia akitie kichwani mwake yeye. Midomo yangu ilishafunguka. Lakini mama alikuwa amesikia, na kabla sijasema neno aliinua mikono akakifungua mwenyewe. Sikuwa nimeona kichwa cha mama kikiwa wazi tangu utoto wangu. Nywele zilikuwa nyeupe na chache, zimelala, na katikati kulikuwa na upara mdogo ambao hakuwahi kutuambia. Alikaa hivyo, kilemba mapajani, akaangalia pale alipoambiwa aangalie.

Walipiga foto nyingi. Shefu wa kartie alikuwa ametoka nje. Jirani wa samaki alikuwa akichungulia kupitia mahindi, na nyuma yake watu wengine, maana ukuta wa nyuma haukuwepo na mtaa wote ulikuwa pale.

Walipomaliza bwana aliniambia kwa furaha ya kweli kwamba sasa kesi imekuwa nyepesi, na foto kama hizi hakuna mkubwa atakayezikataa. Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Mama alifunga kilemba, akawasindikiza mpaka barabarani kama desturi, akasimama hadi gari lilipokata kona. Halafu alirudi, akapita mbele yangu, akavuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda na kuanza kuweka vikwembe ndani.

"Unakwenda wapi?"

"Nipeleke kwako."

Nilidhani amechoka, anataka kulala siku moja mahali pakavu. Nikasema ndiyo, twende, upumzike. Lakini alitia kila kitu. Alitia msalaba wa ukutani, picha ya baba, kisu, mwiko, na kitambaa cheupe. Ndoo alimpa jirani. Jirani akaipokea bila kumtazama usoni, kisha akakumbuka kushukuru.

Mume wangu alipotukuta jioni uwanjani Bel-Air, na sanduku, alielewa haraka kuliko mimi. Alisimama mbali, akapiga makofi ya heshima akiwa ameinama, akasema mama ajione yuko kwake. Tangu siku hiyo anaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni ili wasipishane. Ananawa bombani kwa jirani. Mama anakula chumbani peke yake, na akisikia viatu vya mkwe anajivuta nyuma ya pazia. Wote wawili wananenepa kwa heshima na mimi nakonda katikati yao, nabeba sahani hapa, nabeba maji pale.

Mabati yalikuja. Niseme ukweli, yalikuja kama walivyoahidi, mapya, na saruji, na misumari. Nilikwenda kuyapokea mwenyewe, nikalipa mkokoteni, nikatafuta waashi. Mume wangu alifanya kazi za usiku ili tupate matofali ya kuchoma safari hii. Nilikuwa natoka shuleni nakwenda Kasungami kusimamia, vumbi na jua, nabishana na fundi juu ya kamba na kipimo. Ukuta ukapanda. Chumba cha nyuma kikapata dirisha ambalo hakikuwa nalo. Tulipiga lipu pande zote nne, jambo ambalo baba hakuliweza. Nilipopita barabarani na kuitazama nilikaa chini kwenye rundo la mchanga na kulia kama mjinga.

Siku hiyo hiyo nilimkimbilia mama. Alikuwa uwanjani anachambua maharage.

"Mama, imeisha! Nyumba imeezekwa. Hata chumba chako kimepakwa chokaa. Jumamosi nakupeleka."

"Muzuri," akasema. "Mungu abarikie mikono yenu."

Akaendelea kuchambua. Nikamweleza dirisha. Nikamweleza mlango mpya wa mbele, wa mbao, na ufunguo wake. Nilitoa ufunguo nikaushika mbele yake. Hakuuchukua.

"Mama, ni nyumba yako."

"Najua. Nilikuwa nakaribishaka bantu mule," akasema. "Sasa nitamukaribisha nani? Bote balishaingia."

Aliokota jiwe dogo katikati ya maharage, akalitupa. Kisha akaniuliza kama mume wa yule jirani wa samaki bado anamtafutia dada yake nyumba ya kupanga, ama kama namjua mtu mwingine, mtu mtulivu, mwenye kusali.

"Mumutafute mupangaji," akasema.